Mashina Matano kwa Sahani

Watu wengine mkikutana asubuhi watakuuliza umelalaje, watoto wako salama, na hii mvua mnaionaje. Yeye alikuwa na swali moja tu, na alikuuliza kabla hujatua debe lako chini: "Mko wangapi leo?"

Tulimwita Mpishi. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye kipande chake cha utambulisho na kwenye kitabu cha kanisa, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia na mimi sitaanza leo. Alikuwa amepika miaka mingi katika shule ya bweni upande wa Migwani. Wavulana mamia, asubuhi uji, mchana muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na maharagwe, jioni ugali na sukuma wiki. Alipochoka akarudi kwake, si mbali na soko la Kalamba, na boma lake lilipakana na letu. Mke wake alikuwa amekufa zamani, kabla mimi sijaolewa pale. Watoto hawakujaliwa. Hayo niliambiwa na mama mkwe, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kumtaja mkewe mbele yangu hata siku moja.

Sasa, kwetu Ukambani watu hawahesabiwi. Ukiulizwa una watoto wangapi, unasema "Tuko," ama unacheka, ama unauliza habari za ng'ombe wa yule aliyekuuliza. Hata mbuzi wakirudi jioni hatuwahesabu kwa kidole. Unawaangalia tu, na unajua ni yupi hajarudi. Pasta alikuwa ametuambia hayo ni mambo ya giza, tukasema amina, tukarudi nyumbani, na bado hakuna aliyehesabu mtoto wake. Mpishi alikuwa Mkamba kama sisi, na hayo aliyajua toka utotoni. Lakini jiko la shule halikubali "Tuko." Ukiambiwa "Tuko," utapima unga wa nani? Miaka yote ile alikuwa anasimama mlangoni asubuhi anaambiwa mia tatu na kumi, mia tatu na nane, wawili wako wagonjwa, na ndivyo alivyojua siku inaanza.

Kwa hivyo alipoanza kutuuliza mko wangapi, aiya, tulimwona mtu mbaya. Mama mkwe wangu alisimama kwenye kibanda chetu cha kupikia, akamjibu bila kugeuka, "Tuko."

"Tuko si hesabu, mama."

"Na sisi si mbuzi, mzee."

Akaenda zake. Lakini hakuwa anatafuta ubaya. Alikuwa anataka kulima bustani, na hakujua aipime vipi.

Mwaka wa kwanza aliipima kwa mkono wa shule. Alizungushia miiba kipande chake cha shamba kilichoshuka hadi kwenye mto, akachimba matuta kumi na mawili, akapanda sukuma, spinachi, kabichi na nyanya, safu zimenyooka kama wavulana wa gwaride. Mto wetu ni wa mchanga. Maji huyaoni. Unachimba kwa mikono na kata ya kibuyu mpaka mchanga uanze kutoa jasho, halafu unangoja. Mpishi alichimba, akangoja, akabeba, na kabla hajafika tuta la mwisho lile la kwanza lilikuwa limeshakauka. Wanawake tulikuwa tunapita na madebe kichwani tunamwangalia tukijizuia kucheka. Mimi sikujizuia.

"Mpishi, haya yote unampandia nani? Bweni limehamia huku?"

Alikuwa ameinama. Akainuka polepole akiwa ameshika mgongo. "Mama Mutua," akasema, "mkono wangu haujui kidogo."

Ilikuwa kweli. Ugali wake wa kwanza akiwa nyumbani walikula watoto wangu wote, wakala na wapitaji njia, uliobaki tukawapa mbwa. Chumvi alitia kwa ngumi. Mwiko wake ulikuwa mrefu kama mpini wa jembe na aliuegemea wakati wa kuzungumza. Ile bustani ya matuta kumi na mawili ilikufa karibu yote kiangazi kilipoingia, na aliing'oa mwenyewe. Nilijuta kicheko changu, kidogo, halafu nikasahau.

Msimu uliofuata ndipo alipopata dawa yake. Niligundua mimi. Asubuhi nilikuwa nimeosha vyombo vya jana, nimevipanga kwenye kichanja pale nje vikauke na jua, nikamwona Mpishi amesimama njiani na jembe begani, macho kwenye kichanja changu, midomo inacheza.

Mama mkwe alimwona pia. "Wee mzee, unachungulia nini kwangu?"

"Sijachungulia mtu, mama. Nimeangalia sahani."

"Unahesabu watu wangu!"

"Sahani," akasema. "Sahani si mtu. Hata Mungu akiniuliza nitamwambia nilihesabu sahani."

Mama mkwe akacheka mpaka akashika nguzo ya kibanda. Toka siku hiyo mambo yakawa rahisi. Sahani moja, mashina matano ya sukuma, kwa sababu ukichuma majani ya chini kwa adabu, mashina matano yanamlisha mtu bila kuchoka. Mashina kumi, debe moja la maji, siku moja ndiyo moja siyo. Mtoto anayenyonya hana sahani, hana shina. Siku anayopewa sahani yake mwenyewe na kukaa na wenzake, Mpishi anaiona kwenye kichanja, na jioni utamkuta bustanini anachimba mashimo matano.

Kiasi cha kupanda alikiamua hivyo, kwa boma letu, kwa bibi kizee mmoja wa upande wa pili wa kijito, ambaye sote tulimwita Susu kama wajukuu zake, na kwa nafsi yake. Sisi tulimpa mbolea ya mbuzi na maji yetu ya kuoshea vyombo, na zamu ya kuchota. Yeye alitoa mboga. Ila hakuruhusu mtu kuchuma. Watoto wakienda na beseni wanangoja nje ya miiba. Siku moja Mutua wangu aliingia kwa wizi akakata shina juu, kwenye kile kichwa kichanga, na Mpishi alikuja mpaka kwangu na lile jani mkononi, machozi yanamlengalenga kwa hasira. "Amekata kesho yake," alisema. "Mwambie, Mama Mutua. Hajakata yangu, amekata yake." Mchana aliporudi alimletea Mutua furushi la mboga kubwa kuliko siku zote, akamgombeza tena akimpa.

Ndivyo alivyokuwa. Mkono ukitoa, mdomo unagomba. Maji ukimwaga tone njiani anasimama anaangalia lile doa kwenye vumbi kama mtu aliyeangusha mtoto. Kanisani alisali vizuri, lakini mtu akiombea chakula kwa kirefu utamsikia nyuma: "Mungu ameshasikia, ugali unapoa." Kwenye harusi alikula akiwa amesimama, wa mwisho, kama yuko zamu. Nilimkaribisha kula kwetu mara nyingi na kila mara alisema ameacha chakula chake nyumbani. Na kwake alikula ndani, mlango umefungwa. Vyombo vyake hatukuviona nje hata siku moja. Aliviosha na kuvianika humo humo jikoni, desturi ya shule, alisema, huko vijiko vinaibwa.

Na jambo lingine. Kwake yeye mtu mmoja, alipanda mashina kumi. Niliona toka mwaka wa kwanza wa sahani, na kwa huu mdomo wangu unadhani ningenyamaza?

"Mpishi, sisi matano matano, wewe kumi. Una matumbo mawili?"

"Mpishi huonja," alijibu, akaendelea kumwagilia. Basi ikawa utani wetu. Nilikuwa nikimpigia kelele toka juu, "Matumbo Mawili! Hujambo!" naye anainua mkono.

Katika watoto wangu, mtoto wake alikuwa Mwende. Ndiye aliyekuwa anateremka na beseni. Alikuwa na miaka sita, miguu myembamba, maswali mengi, na ndiye pekee aliyemjibu Mpishi lile swali lake. "Mko wangapi leo?" angeuliza, na Mwende, hapo hapo, "Saba! Na paka!" Mama mkwe alimkanya mpaka akachoka. Mpishi alimwita Prifekti, na alimruhusu kuingia ndani ya miiba. Sahani yake ilikuwa ya bati, nyeupe, ukingo wa kijani, imebanduka rangi mahali pamoja ambapo aliigonga kwenye jiwe akiwa anaifanya ngoma.

Alikufa kwa surua. Sitaeleza zile siku nne. Watu walijaa kwetu, na sufuria kubwa ya kanisa ikaletwa, na Mpishi akaja na mwiko wake bila kuitwa. Alipika siku mbili. Mkono wake ule usiojua kidogo ulipata kazi inayolingana nao, chakula kilitosha kila mtu na hakikumwagwa. Jambo ninalokumbuka ni kwamba hakumuuliza mtu yeyote mko wangapi.

Watu wakaondoka. Kesho yake nikaosha vyombo, na mkono wangu ukaiosha na ile yenye ukingo wa kijani, na kuiweka kwenye kichanja mahali pake. Mama mkwe alikuja akasimama karibu nami. "Mama Mutua, hiyo iweke ndani, mwanangu." Nikaiweka ndani. Asubuhi nikaitoa, nikaiosha tena ingawa haikuwa na uchafu, nikaianika. Siku zote. Mume wangu, ambaye alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni na hakuwa mtu wa maneno, alikuwa akiiangalia akitoka, na akirudi anaiangalia. Wakwe, majirani, wote walikuwa wananingoja niache. Mimi nilikuwa nangoja kitu kimoja tu, na nilikiogopa. Nilikuwa nangoja Mpishi apite na kuona sahani sita zimetumika na moja ni ya kujidanganya, halafu ateremke bustanini ang'oe yale matano. Nilijua kwamba siku atakayoyang'oa, mtoto wangu atakuwa amekufa kweli.

Alipita. Aliangalia kichanja. Akateremka akamwagilia yote.

Mwaka huo mvua ndefu zikagoma, na zile fupi zikaja siku tatu zikaenda. Mchanga wa mto ulikuwa unachimbwa mpaka mtu anazama kiunoni, akingoja debe moja asubuhi nzima. Bustani ilikuwa na mashina hamsini, yaani madebe matano, na sisi wote tukijikusanya tulipata matatu. Kila mtu aliweza kufanya hesabu hiyo. Lazima mashina ishirini yatoke, vinginevyo yatakufa yote hamsini kama ule mwaka wa kwanza.

Mpishi alituita bustanini, mimi na Susu. Nilienda. Nilikuwa nimejiandaa. Akisema neno moja kuhusu ile sahani, nitamrukia, nitavunja ile miiba, sijui ningefanya nini. Nilisimama mbele ya yale mashina ya Mwende, yalikuwa mwanzo wa safu yetu karibu na mlango, nikayaziba na leso yangu.

Alikuwa ameshafanya kazi. Kando ya njia kulikuwa na rundo la mashina yaliyong'olewa, majani yake yamefungwa mafurushi tayari kwa kugawanywa. Nikageuka kuangalia nyuma yangu. Ya Mwende yalikuwa matatu. Ya Mutua yaliyofuata, matatu. Yangu, ya mama mkwe, ya kila mtu, matatu matatu.

"Nimepunguza mashina," alisema. "Sahani sijapunguza."

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Mungu anisamehe, nilimpenda mzee yule wakati huo kuliko baba yangu mzazi.

Lakini Susu alikuwa na njaa, na macho yake hayakuwa na kasoro. Akapiga hatua mpaka kwenye safu ya Mpishi, akanyoosha fimbo. "Mimi nina matatu. Wewe, mtu mmoja, una sita! Huu ndio ukristo?"

Mpishi aliokota furushi moja la majani, akamnyooshea.

"Sema! Matatu ya nani haya?"

Na mimi, mimi niliyekuwa nimekaa hapo na mashina matatu ya mtoto aliyezikwa nyuma ya mgongo wangu, mdomo wangu ukafunguka. Nilisema, "Kweli, Mpishi. Safari hii matumbo mawili ni mengi. Watoto wana njaa."

Aliniangalia. Hakumwangalia Susu, aliniangalia mimi, kwa muda, na niliona midomo yake inataka kucheza kama siku ile ya kichanja. Angeweza kuniuliza kwangu ni sahani ngapi zinazokula. Susu angecheka, na ningekufa. Badala yake alichukua debe akateremka mtoni, na kesho yake, na siku zote zilizofuata, majani ya yale sita yake yalikuwa yanaletwa kwetu na kwa Susu. Yeye alikula ugali na chumvi. Mashina lakini hakuyang'oa, aliyamwagilia mpaka mvua ikarudi. Mimi nilimwona mbishi, mzee asiyetaka kushindwa na mwanamke. Nilikula majani hayo nikamwona mbishi.

Mvua iliporudi tukarudi kwenye matano. Miaka mitatu baadaye nilipata kijana, na siku alipoanza kukaa na wenzake kula, nilisimama mbele ya kichanja nikafikiri sana, nikampa sahani yenye ukingo wa kijani. Mama mkwe aliingia ndani akajifuta macho. Jioni nilimwona Mpishi bustanini, nikateremka, nikamwuliza kama atachimba mashimo mapya.

"Ya nini?" akasema. "Sahani ni zile zile."

Halafu miaka ikafanya kazi yake. Mama mkwe akaenda, na Susu. Mutua akaenda Mombasa, wasichana wakaolewa, mmoja Mukuyuni, mwingine mbali zaidi. Kichanja changu kilikuwa kinapungua, na Mpishi, bila kuniambia, alikuwa anapunguza matuta, kila mara siku chache baada ya mimi kuzoea. Wengine walianza kununua mboga sokoni. Mgongo wake ukapinda. Nilikuwa namsikia akikohoa asubuhi kabla sijawasha moto.

Mara ya mwisho kuongea naye kwa kirefu, alikuwa hajatoka nje siku mbili. Miguu ilikuwa imevimba. Nikapika uji wa wimbi, nikautia kwenye kibuyu, nikaupeleka kwake mimi mwenyewe, na kwa sababu hakuweza kuinuka tena kunifungulia, kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile nilisukuma mlango wa jiko la Mpishi nikaingia.

Lilikuwa safi kuliko langu. Ule mwiko mrefu ulikuwa umetundikwa. Yeye alikuwa kwenye kiti cha kamba karibu na meko, blanketi mabegani. Na ukutani, kwenye kichanja kidogo alichokitengeneza kwa fito, kulikuwa na vyombo vya asubuhi hiyo, bado vina maji. Sahani mbili. Vikombe viwili. Vijiko viwili vimelazwa pamoja.

Nikatazama nyuma ya mlango. Nikatazama kwenye chumba cha pili, mlango ulikuwa wazi, kitanda kimoja kimetandikwa. Mimi mjinga, nilikuwa bado natafuta mtu.

"Mpishi," nikasema, "una mgeni? Mko wangapi?"

Hapo tu, nilipolisikia swali lake likitoka kwenye mdomo wangu, ndipo nilipoelewa. Mkewe. Ile miaka yote, mlango uliofungwa, na yale mashina kumi. Na mimi nikisimama pale juu nikipiga kelele Matumbo Mawili, hujambo, naye akiinua mkono. Nilitaka kupiga magoti nimwombe msamaha, nilikuwa bado nimeshika kile kibuyu cha uji na sikujua nikiweke wapi.

Mpishi aliniangalia kama alivyoniangalia siku ile bustanini. Safari hii midomo yake ilicheza kweli, akatabasamu.

"Tuko," alisema.

Nikashusha sahani zote mbili kutoka kwenye kichanja. Sikuwa na jingine la kufanya, na uji hauliwi kwa sahani, lakini nilizishusha, nikazipangusa na leso yangu, nikamimina. Nikamwekea yake mkononi, na ile ya pili nikaiweka mezani mbele ya kiti kitupu. Alingoja mpaka nilipomaliza, kisha akaanza kunywa.

Mimi nikachukua debe lake nyuma ya mlango. Bustanini, kwenye safu yake, mashina yalikuwa bado kumi, nami nikateremka mtoni kuyatafutia maji.